Biskuti, Mngoni wa Natal

Jumamosi, 1 Septemba 2018
Leo tena bandani nimewasimulia kwamba nimekulia mgongoni mwa farasi huko Iringa. Uongo. Iringa nilipanda punda mmoja tu, wa jirani, akanitupa mferejini. Lakini watu wa farasi wanapenda mzee mwenye historia.

Kazi ile ile. Mjukuu wangu Zinhle juu ya farasi, Biskuti. Mimi kushoto, nimeshika mguu wake. Bibi yake, Nomsa, kulia. Mbele Tannie Ansie, shangazi wa wote na mwenye banda, kashika kamba. Zinhle ana miaka tisa na miguu iliyokaza tangu kuzaliwa. Chini anatembea na fremu ya chuma. Juu ya Biskuti anatutazama kama vibarua wake.

Biskuti mzee, kahawia, mvivu. Akisimama namnong'oneza, "Twende, Mngoni mla panya." Anakwenda. Ansie anasema nina kipaji. Sikubisha.

Jumatano, 5 Septemba
Ansie kapiga simu. Tarehe 29 ni maonyesho ya farasi ya mkoa. Mapato yote ni ya kuwapandisha farasi watoto kama wetu, miguu na mgongo vipate nguvu. Matajiri wataruka viunzi, katikati watoto wataonyesha wanachoweza. Zinhle kachaguliwa kuzunguka uwanja peke yake. Bila kamba. Bila mkono wa mtu. Amri atoe mwenyewe.

Zinhle hakula kwa furaha. Kawaambia mpaka watu wa spaza, kiduka cha mtaani. Kwa Kizulu, bila shaka. Kiswahili anakisikia chote, kukisema hataki. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kizulu, mama yake anaingilia kwa Kiingereza. Tunaelewana, hasa tukigombana.

Jumamosi, 8 Septemba
Jino. Nimebaki kitandani na shavu kama chapati ya maji.

Wamerudi mapema. Biskuti kagoma. Kasimama katikati ya uwanja kama sanamu. Ansie kavuta, kabembeleza, kaonyesha karoti. Karoti kaila. Hatua, hakuna. Zinhle kalia kutoka bandani mpaka nyumbani Kensington. Ansie kaita daktari wa mifugo. Hakuona ugonjwa.

Jumapili, 9 Septemba
Kanisani sikusikia neno. Farasi haumwi. Anasubiri matusi yake.

Niandike hapa, kwa mdomo siwezi. Mimi Mhehe. Mhehe na Mngoni ni watani. Mababu walichinjana, wajukuu tunatukanana, na kununa hakuruhusiwi. Sasa Wangoni walitokea huku Kusini. Kwa hesabu yangu ya darasa la sita, nchi nzima hii ni watani zangu. Ndivyo nilivyomwoa Nomsa, alipokuwa mkimbizi Morogoro na mimi dereva. Nilimwita mwizi wa ng'ombe, akaniita mla mbwa, mambo yakaiva. Biskuti kazaliwa Natal. Mngoni huyo. Kumpita kimya ningeona nimemdharau.

Wiki tano nimemtania kila anaposimama. Sasa bila utani hanyanyui kwato. Nimemharibu farasi wa mtoto.

Simwambii mtu.

Jumamosi, 15 Septemba
Nimejificha nyuma ya marobota ya majani. Zinhle katoa amri, Biskuti kimya. Mimi kwa sauti ya chini, "We mwizi wa ng'ombe, unangoja posho?" Kaondoka kama kijana. Watu wakapiga makofi. Nikageuka, Nomsa kasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

Kanipeleka kwa Ansie kama mwizi wa kuku. Nikaeleza yote. Ansie hakucheka.

"Oupa, babu wewe, farasi huyu nimemfundisha miaka sita. Wewe umemharibu kwa wiki tano."

"Si kumharibu, Tannie. Tunataniana."

"Yeye anakutania nini?"

Nikaanza kuokota majani kwenye shati langu.

Adhabu. Bandani nisikanyage. Siku ya maonyesho nikae jukwaani, mdomo nimefunga. Ansie atamfundisha upya. Zimebaki wiki mbili tu. Eish.

Ijumaa, 21 Septemba
Habari za bandani naletewa na Nomsa, kwa bei ya kuosha vyombo. Akiamriwa mara tano, Biskuti anatii tatu. Bora kidogo. Zinhle ameacha kuongea mezani. Leo kamwambia mama yake kwamba Biskuti akisimama mbele ya watu wote wale, hapandi tena. Kabisa. Miezi yote hii ya kunyoosha mgongo, basi.

Anasema kweli. Ana ukaidi wa pande zote mbili.

Ijumaa, 28 Septemba
Nimeona aibu wiki nzima. Siipendi. Haiendani na umri wangu.

Jumamosi, 29 Septemba
Vumbi, jua, kofia kubwa za akina mama. Farasi wanang'aa kuliko mimi siku ya harusi yangu. Nikakaa jukwaani chini, karibu na geti. Nomsa kanipa pipi tatu. Akasema ukihisi neno linakuja, nyonya.

Zinhle kaingia. Mgongo umenyooka. Ansie kafungua kamba, karudi nyuma. Amri ya kwanza, Biskuti kaenda. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Mbele ya jukwaa letu akasimama.

Amri. Kimya. Amri tena. Anapunga mkia tu. Watu wakaanza kunong'ona, kwa huruma ile inayoudhi. Ansie akanitazama. Nadhani hata yeye alikuwa ananiomba. Sijui. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini mtoto alitaka afanye mwenyewe, na mimi ndiye nilimwekea mtego huu. Nikaweka pipi zote tatu mdomoni. Sijawahi kunyamaza hivyo maishani.

Zinhle akainama shingoni kwa farasi. Maneno yake hutoka polepole, moja moja, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia.

"Tembea. We Mngoni mvivu. Unanuka kama Babu."

Kiswahili. Safi. La mwisho sikumfundisha mimi.

Biskuti akatikisa masikio akaondoka. Kona ya tatu. Ya nne. Getini. Watu wakasimama kupiga makofi, hawajui wanashangilia nini. Nomsa kacheka mpaka kilemba kikamlalia jichoni. Mlinzi wa geti, Mkongomani, akanigeukia. "Mzee, ule mutoto ni wako kabisa." Nilitaka kumjibu, ila mdomo ulikuwa umejaa pipi, na macho yalikuwa na vumbi. Vumbi lilikuwa jingi, nimeshaandika.

Jumatatu, 1 Oktoba
Mawingu. Nyumba kimya, mtoto shuleni. Asubuhi kaniambia kwa Kiswahili kwamba soksi zangu zina matobo. Nimekasirika kwa nje.

Ansie kapiga simu. Michango imefika, banda litaendelea, na Zinhle Jumamosi anarudi. Mimi pia, nikiahidi kumtania Biskuti kwa kipimo. Akasema hakuamini ningenyamaza, na kwamba ana deni kwangu.

Nikamwambia deni nalichukua leo leo. Mfuko mmoja wa samadi, kwa ajili ya mchicha wangu nyuma ya nyumba. Anisaidie kuuleta kwa bakkie, pikapu yake, kwenye teksi watanishusha. Na kama hajaizoa bado, naomba iwe ile ya Biskuti, ya siku ya maonyesho.