Lori la Mzee Abdullahi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Mguu umepona ama bado unauburuta hivyo hivyo ukienda shambani? Na nyanya yangu Susu, anakula vizuri? Mimi mwili uko, lakini moyo sijui nimeuacha wapi. Simu zako naziona. Sishiki kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia tu. Ndiyo maana nimeandika. Isome ukiwa peke yako kwanza.

Najua vile akina mama wa kikundi chenu cha wakulima wanasema huko Matiliku: kwamba binti yako alimtega mzee wa watu kwa mavuno yenu ya ndengu. Wacha nikuambie vile ilikuwa.

Kazi yangu hapa Mwingi unaijua. Matajiri wa Nairobi wanaweka pesa kwa kampuni yetu, na sisi tunawakopesha wafanyabiashara waliokataliwa na benki. Mimi ndiye naenda kuangalia biashara ya mtu, naongea na majirani zake, halafu naambia kamati kama anaaminika. Niliipenda hiyo kazi, Mwaitu. Nilitaka siku moja niwe mimi ninayeamua pesa iende kwa nani, kwa sababu nilijua watu wazuri wengi ambao hakuna mtu huwasikiza.

Mzee Abdullahi alikuwa mteja wangu mkubwa wa kwanza. Husafirisha mbuzi. Mkopo wa riba alikataa, dini yake hairuhusu. Basi nikapanga hivi: kampuni inunue lori, imuuzie polepole kwa bei iliyokubaliwa siku ya kwanza, isiongezeke. Kamati ilibisha sana, lakini nilishikilia mpaka wakakubali. Na mzee alilipa vizuri. Halafu ugonjwa wa mifugo ukaingia, soko la mbuzi likafungwa, lori likalala, malipo yakakwama.

Mkubwa wangu, Bwana Kioko, akaniita. "Hilo lori lirudi."

"Kilichofungwa ni soko tu," nikamwambia. "Lori ni zima. Libebe mzigo mwingine." Hapo ndipo niliwakumbuka nyinyi, vile mlikuwa mnatafuta gari la kupeleka ndengu Nairobi.

Akatabasamu. "Wazo zuri, Nduku. Litatoka hapa lini? Litapita njia gani?"

Nikamweleza yote. Nilitoka kwa ofisi yake nikiimba.

Mzee mwenyewe alisita. "Binti, huko ni mbali na watu wangu."

Nikamjibu, "Huko ni kwetu, Mzee. Hakuna mtu atakugusa."

Hayo maneno, Mwaitu, ndiyo yananiamsha usiku.

Mengine unayajua. Madalali, wale wa kukamata mali ya wadeni, walilisimamisha lori pale Sultan Hamud, wakashusha magunia yenu kando ya barabara, wakaondoka nalo. Mzee alinipigia akiwa hapo hapo. "Nduku, kuna watu hapa na karatasi ya ofisi yenu. Ongea nao." Aliwapa simu ikiwa kwa spika. Mmoja wao akaniambia, "Madam, si ni nyinyi mmetutuma?" Na mzee alikuwa anasikia vile nimenyamaza.

Nilikimbia kwa Bwana Kioko. Alikuwa anakunywa chai. "Hapa Mwingi watu wa soko wangetuzuia," akasema. "Wewe umelitoa bila kelele. Kazi safi kabisa." Kesho yake akaita ofisi yote, wakanipigia makofi. Kwamba sasa mimi ni meneja, naenda Nairobi.

Nikasema mbele yao kwamba sikujua, na hicho cheo sikitaki. Bwana Kioko akacheka. "Nani ataamini hiyo?" Nikaweka funguo za ofisi mezani, nikatoka. Hakuna aliyenifuata.

Nilienda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa mzee. Mlango ulifunguliwa na mkewe, Mama Hodan, ambaye zamani alikuwa akiniita binti yake. Hakunikaribisha ndani. Nikaanza kueleza hapo hapo mlangoni. Nikasikia mzee akikohoa nyuma ya pazia. Mama Hodan akaingia, akarudi na gilasi ya maji.

"Mzee anasema umetembea na jua. Unywe maji, halafu uende."

Nikanywa, Mwaitu. Ningefanya nini? Nikamrudishia gilasi, akafunga mlango polepole, bila hasira. Afadhali angenitukana.

Sasa nimekaa tu kwa chumba. Nikisalimia watu sokoni, wengine hawaitikii. Ningekuja nyumbani, lakini naogopa kukaa kanisani na kikundi kikiniangalia. Niambie kama nije. Ukiniambia ningoje, nitangoja.

Nisalimie Susu, na umwambie nakula. Nisalimie kaka Mutua, asije huku kupigana na mtu. Na Shangazi Kalekye, kiongozi wenu wa kikundi, mpe salamu zangu hata kama hazitaki. Akikuuliza, mwambie sikujua. Kama na wewe huniamini, mwambie tu hivyo kwanza, mpaka nifike unitazame usoni.

Ni mimi mtoto wako,
Nduku