Picha za Kornel Zisizofunguka

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Picha zimefika — na hazifunguki! Ziko tatu. Advera, dada yake Kornel, kazituma WhatsApp kama dokumenti, eti zisipoteze ubora. Kapiga kwa aifoni yake. Kila nikibonyeza, simu yangu inasema haitambui faili la aina hii. Mwisho wa jina kuna herufi HEIC. Sijawahi kuziona popote.

Mama alishasema: huyo mwanaume wa Kwihara hakanyagi hapa kabla sijaona sura yake. Nimempa simu. Akatazama ule ukijivu mtupu kwenye kioo, akauliza anaficha nini. Halafu chinichini, kwa Kinyamwezi: na Mkatoliki tena.

Nimwombe Advera atume upya? Hapana. Ataona nina haraka. Nina miaka thelathini na sita, haraka ninayo, lakini si ya kutangaziwa Kwihara nzima.

Jumapili, 4 Agosti

Baada ya ibada nimemweleza Josepha. Ni mwalimu mwenzangu, Kornel ni binamu yake, na maneno haya yote ya uchumba kayaanzisha yeye. Anasema zipo tovuti za kubadili picha. Unaingiza HEIC, inatoka JPG, humohumo kwenye kivinjari, hupakui programu yoyote.

Mtandao wa hapa Tura ni wa kuwinda. Nimekwenda hadi mwisho wa jukwaa la stesheni, ndiko unakoshika. Tovuti ya kwanza ina kitufe kikubwa cha kijani. Nikabonyeza — kumbe tangazo la kubeti! Nimetoka kufundisha watoto wa Sunday school! Nimefunga, nikageuka kuangalia kama kuna aliyeniona.

Ya pili ikaanza kupandisha picha. Ikafika katikati, mtandao ukakata. Bora ulikata. Nilikuwa nampeleka mwanaume nisiyemjua kwenye tovuti nisiyoijua, ya watu wa wapi sijui. Nikamwonea aibu. Nikarudi nyumbani.

 

Jumatatu, 5 Agosti

Zimefunguka!

Nimepata tovuti nyingine, imeandika kwamba picha haitoki kwenye simu yako, kazi yote inafanyika humuhumu. Sikuamini. Ukurasa ulipokwisha kufunguka nikazima data, nikachagua JPG, nikabonyeza. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Ikatoka!

Ya kwanza: suti, kasimama pembeni ya gari ambalo najua si lake. Uso kama anasubiri kuchomwa sindano. Ya pili: suti ileile, mikono kaificha nyuma. Nimekaa pale jukwaani moyo umenishuka. Si mbaya. Ila hakuna mtu ndani.

Ya tatu haikukusudiwa, nina hakika. Advera kaichanganya. Mvua inanyesha, uwanja umejaa maji, na Kornel kachuchumaa akiwafunika kuku na vifaranga wake kwa ungo. Yeye mwenyewe kalowa chapachapa. Mdomo wazi, anamfokea mpiga picha, nadhani anamwambia aache upuuzi aje asaidie. Ana mwanya!

Nimecheka peke yangu mpaka muuza karanga akaniuliza kuna nini.

Mama kaziona zote. Ya suti akasema kaazima, mabega si yake. Ya ungo kaishika muda mrefu. Kaisogeza mbali, kaisogeza karibu. Akasema: huyu aje.

Jumatano, 7 Agosti

Kapiga simu. Sauti nzito, maneno machache, mtandao unakwaruza. Kashaambiwa kuhusu ile ya tatu, akaomba radhi. Nikamwambia ndiyo iliyomfungulia mlango. Akacheka — cheko la kushtukizwa.

Yangu je, ameipata? Hajaipata. Simu yake ni kitochi, na Advera yuko Nzega na simu yake. Kwa hiyo hajaniona hata mara moja! Nikamuuliza haogopi? Akasema anaogopa treni ya Jumamosi kuchelewa.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Nimefagia uwanja mara mbili. Vumbi hili la Agosti halina adabu.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika nimesimama jikoni, chai haijachemka. Lazima niandike.

Treni imechelewa, ila imefika. Josepha alikuwa aje tumpokee wote, akapata mgeni. Nikaenda peke yangu. Kashuka behewa la nyuma, shati la kawaida, mfuko begani. Nilimjua palepale. Yeye hakunijua! Nikasimama tu namtazama, sijawahi kumtazama mtu hivyo kwa raha zangu. Akaangaza huku na huku. Mwisho akanijia mimi: samahani dada, nyumbani kwa mwalimu Shukrani unapafahamu?

Nikasema: napafahamu, nifuate.

Sijui nini kilinishika. Tumetembea njia nzima, simwambii! Kaniuliza mwalimu ni mtu wa namna gani. Nikasema mkali kidogo. Akasema afadhali, yeye mpole mno.

Mlangoni kasema tumsifu Yesu Kristo, kwa mazoea yake ya Kikatoliki. Nikafumba macho. Mama akaitikia milele amina, kama vile kila siku! Akaamkiwa shikamoo, akajibu marahaba baba, pita ndani. Nikamkonyeza mama, nikakimbilia huku.

Sasa nawasikia. Mama anamuuliza habari za mashamba ya Kwihara. Anajibu vizuri, hana haraka. Sasa anauliza, kwa adabu, mwalimu atarudi saa ngapi.



Mama anacheka! Mama, ambaye hucheka kwa kukohoa tu, anacheka kwa sauti. Kornel hacheki. Kiti kimesogezwa. Hatua zinakuja huku, zimesimama nje ya mlango wa jikoni. Kabisha hodi.

Mwalimu Shukrani, anasema, nikusaidie kubeba vikombe?

Chai inafurika na mimi sijui niseme karibu au samahani.