Ghala Langu, Filamu Yao na Sikio la Kulia

Jumatatu, 3 Juni

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, wenyeviti wa kijiji watano, na yule dume wa ng'ombe aliyenichoma pembe mbavuni. Njaa zote zimenipita. Bado natembea bila fimbo.

Asubuhi nimefungua ghala, nimegeuza magunia ya alizeti. Panya hakuna. Ghala hili nimejenga mwenyewe, matofali nimechoma mwenyewe. Ilongero nzima halipo la kulishinda.

Saa nne kaja Neema, mjukuu wa marehemu kaka yangu. Anakaa Dar. Yuko na wenzake wanne na kamera. Wanatengeneza filamu yao wenyewe, hawajatumwa na mtu. Ya vijana wanaobeba magunia mchana, usiku wanacheza disko. Anataka ghala liwe disko. Disko gani lina alizeti, sijaelewa. Nimekubali kwa sharti moja, na mimi nionekane nacheza.

Neema akacheka: "Wewe tena, mume wangu? Si utatufunika wote!"

Kweli. Nitawafunika.

Jumanne, 4 Juni

Wameleta spika mbili, kila moja kubwa kama kabati. Muziki unatoka kwenye kompyuta. Mwimbaji hakuna. Nimezunguka nyuma ya spika kumtafuta mpigaji, sijamwona. Du du du du, mwanzo mpaka mwisho, haujui kuchoka. Kichwa hakijaelewa. Miguu imeelewa.

Hili naliandika hapa tu. Sikio la kushoto limekufa tangu mavuno ya mwaka juzi. La kulia linasuasua. Hajui mtu. Binti yangu Veronika, yuko Singida mjini, alishasema: "Baba, siku ukiacha kusikia pikipiki barabarani nakuja kukuchukua, nyumba tunafunga." Sitaki kukaa mjini kwenye chumba cha vigae natazama televisheni. Kwa hiyo nasikia. Mtu akisema naitikia eee, namtazama mdomo.

Lakini muziki huu naupata mpaka kifuani. Nimefurahi.

Jumatano, 5 Juni

Wameziba madirisha kwa maturubai. Nje jua kali, ndani giza na taa za rangi. Sakafuni wametandika magunia matupu, kila mtu avue viatu. Kwa nini, sijui. Kuku wangu wameingia kulala saa nane mchana. Hata wao hawaelewi.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya.

Vijana thelathini, wa hapa na wa Sepuka. Mimi katikati, shati jeupe. Muziki ukaanza, nikacheza, wakanipigia makofi. Neema akainua mkono. Akaushusha. Kimya.

Kimya kwangu. Wenzangu wanaendelea kucheza. Wanarukaruka, wanatikisa vichwa, jasho linawatoka. Taa ya spika inawaka. Shani, binti wa Sepuka aliye mhusika mkuu wa filamu, anaongea na kijana mmoja, naona midomo inakwenda. Mimi sipati kitu.

Nikajua basi. La kulia nalo limekwenda.

Sikusimama. Ukisimama wanajua. Nimecheza moyo unakimbia kuliko miguu.

Walipomaliza nimekwenda nyumbani moja kwa moja. Nimegonga debe. Nimelisikia! Nimegonga tena. Linasikika vizuri. Sasa hili ni sikio gani, debe linalipata, spika kubwa kama kabati haliipati? Sijala.

Ijumaa, 7 Juni

Imejirudia. Muziki unaanza, mkono unashuka, kimya, wao wanacheza. Kuuliza siwezi. Nimuulize nani, hivi muziki unalia? Akisema unalia, kesho Veronika yuko hapa na gari.

Nikafanya kama kupura uwele. Zamani tulipura safu mbili, mnatazamana, fimbo zinapishana. Ukifuata sauti umechelewa, utampasua mwenzio mkono. Unafuata bega. Mimi nilikuwa wa mbele miaka ishirini na hakuumia mtu. Basi nikauchukua ule mwendo wa mwanzo nikauweka begani, sikuuachia.

Neema akasimamisha. Nilidhani ananifukuza. Kumbe anawageukia vijana, kapaza sauti hata mimi nimemsikia: "Nyie mnapotea, kila mtu na lake! Tazameni bega la babu!"

Thelathini wakanitazama mimi. Nimefurahi kabla ya kuelewa. Mtu asiyesikia anawaongozaje wanaosikia? Nimewaza hili mpaka kichwa kimeuma.

Kisha likaja jambo la maneno. Shani akisema "zimeni taa", mimi nigeuke nimtazame. Akasema. Sikugeuka. Akasema tena. Sikugeuka. Mara ya tatu nikageuka kabla hajasema. Vijana wakacheka. Mmoja akasema kitu, wakacheka zaidi. Neema akanisogelea: "Babu, husikii?"

Mbele za watu!

Nimewatoa wote nje. Nimefunga ghala, ufunguo mfukoni. Kamera na spika zao ziko ndani. Nimesema filamu imekwisha. Kesho jioni wenzake wanasafiri. Neema amelia. Mimi macho yamelowa pia, lakini yangu ni vumbi la alizeti.

Jumamosi, 8 Juni

Neema kaja asubuhi peke yake. "Shikamoo babu." Leo siyo mume wangu. Nimeitikia marahaba. Akakaa chini kulia kwangu. Ufunguo hakuuomba.

Nikaona nikifa na swali hili nitakufa mjinga. Nikauliza: "Jana ule muziki ulikuwa unalia au haulii?"

Akanishangaa. "Haulii, babu. Watu wakianza kuongea tunauzima, ili maneno yao yanaswe vizuri. Muziki tunauweka baadaye kwenye kompyuta. Hakuna aliyekuwa anausikia."

Hakuna. Thelathini wote walikuwa viziwi kama mimi.

"Sasa mlikuwa mnacheza nini?"

"Tunaukumbuka tu. Ndiyo maana wale wanapotea. Wewe hukupotea hata kidogo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Anasema alitutangazia wote Alhamisi kabla ya kuanza. Basi alitangazia upande wa kushoto.

Nikamwambia. La kushoto limekufa, la kulia nusu. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Hakucheka. Amecheka nilipofika kwenye debe. Amecheka mpaka kashika tumbo, "Mume wangu utaniua!" Na mimi nikacheka, sijui kwa nini, jambo lenyewe halichekeshi.

Nimefungua ghala. Tumepanga Shani akitaka kusema maneno yake anikanyage kidole kwanza. Mara ya kwanza tu nimegeuka sawasawa kabisa. Anakanyaga kwa nguvu yule binti. Neema anasema filamu nzima hakuna aliyecheza kunishinda. Sikumwomba aseme.

Jumapili, 9 Juni

Waliondoka jana jioni. Nimefagia ghala, nimefungua madirisha.

Veronika kapiga simu. Nimemwambia mwenyewe habari ya masikio. Neema angeweza kumwambia, lakini ni masikio yangu. Nimerudia mara mbili. Kisha nikangoja aseme anakuja kunichukua. Amesema mengi, mengine sikuyapata. Nililolipata ni kwamba Jumanne twende hospitali wanipime, jioni anirudishe. Nimemfanya arudie hilo la kunirudisha. Amerudia, polepole.

Sijui watakuta nini humo masikioni. Filamu itaonyeshwa wapi, sijui. Na jinsi ya kumwekea muziki mtu aliyekwisha kucheza na kwenda kulala, hilo bado halijaniingia.

Kwamba nilicheza pasipo muziki na vijana thelathini wakafuata bega langu, athibitishe Neema. Athibitishe Shani wa Sepuka. La masikio, Veronika sasa anajua.