Salimu, sasa nimeyaelewa maji mafu

Salimu, rafiki yangu,

Umeshinda. Furahi huko uliko, maana neno hili silisemi mara mbili.

Tangu tukuzike, duka lako la fremu pale Point, karibu na bandari, lilikuwa limefungwa. Juzi shemeji Zuhura akaniita tutoe vitu. Ile picha yako ya Kimarekani ya karne ya kumi na tisa ilikuwa bado juu ya meza ya kazi: miamba, bahari imetulia, mwanga, basi. Mteja aliyekuja kununua vitu alitaka fremu yake tu. Picha ilikuwa inakwenda kwenye taka.

Unajua nilivyoipiga vita. Kila nikija: "Kwa hii picha watu iko wapi?" Nilikuambia wachoraji wale waliwafuta wenye nchi kwa brashi, halafu wakauita ufutaji huo utulivu. Nawe, huku ukikata mbao, ulijibu tu: "Maji mafu hayo, bwana." Nikadhani umekubali. Nikawatangazia wanafunzi wangu wa Glenwood kwamba hata mwenye picha anasema imekufa.

Juzi nikamwambia shemeji vilevile. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Eish, shemeji. Wewe kweli mtu wa ziwa."

Akanieleza kama mtoto. Maji mafu ni zile siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana. Miamba haifunuki. Ulikulia pwani ya Bluff ukiokota kome na mama yako, na siku hizo hamkwenda, kwa sababu hakuna cha kuokota.

"Watu wako nyumbani," akasema. "Wanakula."

Salimu, ulikuwa unanijibu! Miaka yote ile! Niliibeba picha mpaka dirishani. Alama ya maji kwenye mwamba ni nyembamba kama kidole: maji mafu kweli. Mchoraji aliiona, wewe uliiona, mimi nilikuwa nahutubia.

Sikubali yote. Nyumba zilizo nyuma ya miamba ile ni za nani, mchoraji hajasema, na nitamdai jibu mpaka nife. Lakini pwani ile si tupu tena. Mteja nimemfukuza. Picha na fremu yake viko kwangu.

Maji makubwa yakija, yale mnayoyaita bamvua, shemeji atanipeleka Bluff nione miamba ikifunuka. Nitavua viatu. Nakuahidi sitabishana na mtu yeyote huko, angalau mpaka maji yarudi.

Pumzika, ndugu yangu.