Ratiba Yenye Sahihi Yangu

Nyumba za Walimu, Namba Nne,
Nyuma ya Uwanja wa Shule.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Na kile kifua kimepona? Usiniambie umepona kumbe usiku unakoholea kwenye mto, nakujua. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini akishapata jua kidogo anajikongoja mpaka kwa jirani na kurudi na umbea wa wiki nzima. Shemeji yako ni yule yule na majokofu yake mabovu. Sebule imegeuka karakana, na juzi nimekuta bisibisi kwenye bakuli la sukari.

Najua utacheka kwamba nakuandikia kwa kalamu, wewe mtu wa kompyuta. Nimekupigia mara mbili nikakata kabla hujapokea. Kwenye simu ningelia au ningejitetea, na yote mawili sitaki.

Unakumbuka mwezi uliopita ulipozungumza na wasichana wetu kwenye skrini ya ukumbini. Uliwaeleza kazi yako ya kuandika programu, ukawahimiza walichague somo la kompyuta wasiwaachie wavulana peke yao, kisha ukauliza nani ana swali. Wasichana zaidi ya mia, na hakuna aliyenyoosha hata kidole. Mimi nilikuwa nimesimama mbele na kipaza sauti, aibu imenijaa. Jioni yake nikakuambia wasichana wa siku hizi wanataka kutafuniwa kila kitu. Nikakuambia hata binti yangu Kasuku, uliyempa jina hilo kwa domo lake, hana hamu na mambo hayo. Maneno hayo yote leo nayafuta.

Wiki iliyofuata niliwapa kidato cha tatu kazi ya takwimu: kila mwanafunzi ahesabu kitu chochote hapa shuleni, kisha achore grafu. Nililetewa idadi ya vioo vilivyovunjika, idadi ya wanaochelewa, hata idadi ya mara ninazosema "tulia" katika kipindi kimoja. Ni arobaini na moja. Tuyaache hayo.

Kuna msichana mmoja wenzake wanamwita Nukta, kwa sababu akisema neno moja anaishia hapo hapo. Alikuja na karatasi tatu wakati walimu wengine wamekwenda kunywa chai. Alikuwa amehesabu wanafunzi waliosoma somo la kompyuta kwa miaka sita, mwaka kwa mwaka, kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Amechora nguzo za bluu za wavulana, zimenyooka vizuri. Kando ya kila nguzo ya bluu ameacha nafasi, na chini ya nafasi hiyo ameandika "Wasichana". Juu yake hakuna kitu. Peupe.

Nikachukua kalamu nyekundu. Nikamwambia, "Kazi nzuri, lakini hujamaliza. Wasichana umewasahau."

Akasema, "Sijawasahau, mwalimu. Hawapo."

"Hawapo vipi? Hata mmoja?"

Akafunua karatasi ya pili. Amenakili ratiba za miaka sita, zile nilizozibandika kwenye ubao wa matangazo na ambazo mtunza maktaba huwa anaziweka kwenye jalada. Jumanne na Alhamisi, vipindi viwili vya mwisho: Kompyuta. Jumanne na Alhamisi, vipindi viwili vya mwisho: Upishi na Ushonaji, wasichana wote, lazima. Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, mpaka wa sita. Na chini kabisa ameandika, kama nilivyowafundisha kutaja chanzo cha takwimu, jina la mtengeneza ratiba. Jina langu.

Nilikaa na ile kalamu hewani. Nilitafuta mtu wa kumlaumu, nikazunguka kichwani kama kuku anayetafuta pa kutagia, sikumpata. Hakuna aliyeniagiza. Miaka sita iliyopita nilikuwa na vyumba viwili na vipindi vinne visivyokaa mahali, nimechoka, nikasema wasichana huku, wavulana kule, kazi imekwisha. Nakumbuka hata nilivyofurahi. Kila mwaka tangu hapo nimenakili ile ile. Na kila mwaka nimesimama mbele ya wasichana hao hao nikiwaambia, "Mbona hamjitokezi?"

Nikamuuliza Nukta, "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Akaangalia viatu vyake. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kinywani mwake: "Tulidhani unajua, mwalimu. Siku ile dada yako alipouliza kama tuna swali, wote tulikuwa na swali moja. Lakini lilikuwa linakuhusu wewe, na wewe ndiye uliyeshika kipaza sauti."

Sikumkemea. Nilimpa alama zote, nikamruhusu aende. Kisha nikakaa na zile karatasi mpaka kengele ikalia, na kidato cha kwanza wakanisubiri darasani dakika ishirini.

Kwenye karatasi ya tatu alikuwa ameandika jumla ya wasichana waliopita katika miaka hiyo: mia tatu na kumi na wawili. Mmoja wao namwona kila nikimpeleka mama zahanati. Anakaa mapokezi. Alikuwa ananishinda kwa kasi ya kukokotoa, kweli kabisa. Sasa anabonyeza herufi kwa vidole viwili, na siku moja aliniambia kwa kucheka kwamba anafundishwa kompyuta na kijana aliyeanza kazi juzi. Nilicheka naye. Fikiria, nilicheka.

Nyumbani nikamkuta Kasuku anapiga pasi sare. Unajua yuko kidato cha nne, anamaliza mwaka huu. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida: "Hivi wewe, somo la kompyuta uliwahi kulitaka?"

Hakuinua macho. "Nilipokuwa kidato cha pili nilitaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikufuata ofisini wakati wa mapumziko. Ukaniambia nikiwa shuleni wewe si mama yangu, ratiba haibadilishwi kwa ajili ya mtoto wa mwalimu."

Akakunja shati, akachukua jingine. Mimi nimesimama mlangoni. Mdogo wangu, sikumbuki. Nimejitahidi kukumbuka siku hiyo, alivaa nini, nilikuwa nafanya nini, sipati hata kivuli. Kumbe mtoto alibeba jambo hilo miaka miwili, na mimi nililitoa kama mtu anavyofukuza nzi. Na wewe ulipokuwa unaniuliza kwenye simu, "Kasuku vipi, hataki kufuata nyayo zangu?" nilikujibu hataki. Nilikujibu bila kumuuliza.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa shule kabla hajavua koti. Nikamwekea zile karatasi mezani. Mwanzoni alitabasamu, akidhani ni ule mchezo wa kuhesabu vioo. Kisha akavua miwani. Alizisoma zote tatu mara mbili. Nikamwambia kosa ni langu, niko tayari kusema hivyo mbele ya walimu na wanafunzi.

Akasema, "Sahihi ni yako. Mhuri ni wangu. Nimeugonga mara sita."

Hatukutazamana. Tatizo lilikuwa muda. Kidato cha tatu walibakiwa na wiki tatu tu kujaza fomu za masomo ya mtihani wa mwisho, na somo la kompyuta halijazwi mpaka mwalimu wake athibitishe kwamba mwanafunzi amehudhuria vipindi ishirini na vinne. Wasichana walikuwa na sifuri.

Mwalimu mwenyewe tunamwita Waya, maana hakosi waya shingoni. Nilimwomba awahurumie, aweke tu sahihi. Akanikatalia papo hapo. "Siwezi kutia sahihi kwenye uongo, dada. Lakini naweza kuwafundisha. Nipe kila alasiri, na Jumamosi asubuhi."

Tukatangaza. Kwenye mstari wa asubuhi nilisimama nikawaambia wasichana wote kwamba si wao waliokosa kujitokeza, ni mimi niliyewafungia njia, na nikawaomba radhi. Hakuna aliyepiga makofi. Walinitazama tu, na wengine walitazama chini kama vile wao ndio wenye kosa.

Alasiri ya kwanza nilitarajia watano. Nilijipa moyo kwamba hata wakija watatu ni mwanzo. Walikuja thelathini na mmoja. Kompyuta zetu ni ishirini, na nne hazijawahi kuwaka tangu ziletwe. Walikaa wawili wawili kwenye kiti kimoja, wengine wakasimama na daftari. Nilishika fremu ya dirisha nikashindwa kuingia. Wasichana niliowaita wavivu mbele yako, ndio hao.

Mwalimu wa upishi alinijia juu, akisema nataka kumfungia jiko. Nilimwelewa. Tumekubaliana kuanzia muhula huu wavulana na wasichana wasome yote mawili kwa kupokezana. Wavulana walipoingia jikoni mara ya kwanza, mmoja aliomba kitabu cha maelekezo ya kitunguu. Mwalimu wa upishi amerudi kucheka, na sasa anawasema wavulana wake kama mtu aliyepata wajukuu wapya.

Fomu zimefungwa Ijumaa. Katika wale thelathini na mmoja, kidato cha tatu walikuwa ishirini na watano, na ishirini wametimiza vipindi. Nukta yumo. Watatu hawaruhusiwi nyumbani kubaki alasiri, na nimeshaanza kuwatembelea wazazi wao, japo kwa hao muda wa fomu umepita. Wawili wameniambia wazi kwamba wamejaribu na hawaipendi. Nilifurahi kusikia hivyo, kwa sababu safari hii wamekataa kitu walichokiona.

Sita waliobaki ni wa kidato cha nne. Kwao hakuna fomu ya kujaza. Mtihani wao hauna somo hilo na hautakuwa nalo, hata nikilia machozi ya damu. Waya aliwaeleza hivyo siku ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyetoka. Kasuku ni mmoja wao. Huwa anakaa karibu na mlango, anashirikiana kompyuta na binti wa fundi viatu. Nyumbani hanisemeshi sana. Si kwa ubaya, anajibu nikimuuliza, anampikia bibi yake uji, lakini lile domo lake limepungua nikiingia chumbani. Shemeji yako ananiambia nimpe muda. Nampa.

Nina ombi moja. Zungumza tena na wasichana wetu, lakini mara hii usihutubu. Waache waulize, na mimi nitatoka ukumbini.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na usimdanganye daktari. Shemeji yako anakusalimu, na jirani mwenye umbea naye. Nisalimie shemeji yangu wa huko na wale pacha, waambie mama mkubwa hajawasahau, na Mungu awafunike nyote kwa afya na amani katika nchi ya watu.

Humu ndani utakuta bahasha ndogo. Ni ya Kasuku. Amenipa jana, ameifunga kwa gundi pande zote, akasema tu, "Ni ya mama mdogo." Sijui ameandika nini. Kama ni maswali ya masomo, mjibu yote. Kama amenilaumu, usinitetee.

Wako nikupendaye siku zote,
Dada yako.