Mstari Mwekundu Juu ya Vifuniko Vinne

Jumatatu, 19 Januari 2026

Athanasi kanipigia kabla sijanywa hata chai. Ni katibu wa ushirika wetu wa pamba, na simu zake zote ni za moto. Kipimo cha dawa ya wadudu kwenye tovuti niliyowatengenezea kimekosewa – vifuniko vinne vya chupa kwa bomba moja la kupulizia, kumbe ni viwili. Nikamwambia nafuta sasa hivi. Akakataa katakata. Kwenye vitabu vyao hakuna kufuta: kosa linapigwa mstari, lililo sahihi linaandikwa pembeni, watu waone vyote. Ukifuta, wanachama wanasema kuna mchezo.

Haya! Nimepiga mstari mwekundu juu ya “vifuniko vinne”, pembeni nikaweka “vifuniko viwili”. Dakika tano tu. Imekaa vizuri. Bariadi leo joto, umeme umekatika mara mbili, kiti hakikaliki.

Alhamisi, 22 Januari

Mjomba Jilala kapiga kutoka Bukundi. Mwangaluka, mwangaluka, kwa Kisukuma chake, habari za nyumbani. Mjomba haoni tangu utotoni, surua. Simu yake inamsomea kwa sauti, na yeye ndiye msomaji wa kikundi chao cha wakulima. Likija tangazo la ushirika wanakusanyika kwake, anawawekea spika. Hata wanaojua kusoma wanakuja. Anajivunia hilo kuliko ng'ombe wake.

Leo sauti ilikuwa ndogo. Jumanne simu ilisoma: vifuniko vinne vifuniko viwili kwa bomba moja. Wakajadiliana pale, vinne na viwili, wakakubaliana ni sita. Jana jirani yake Mayala akapuliza. Majani ya pamba yamekauka kama tumbaku, na Mayala mwenyewe katapika mpaka kapelekwa zahanati.

“Nilisikia vibaya, Milembe?”

Nikamwambia ngoja niangalie. Niangalie nini! Nilishajua. Aibu imenishika mpaka masikio yanawaka.

Ijumaa, 23 Januari

Nimefumba macho, nikaiacha simu inisomee ukurasa wangu mwenyewe. Vinne viwili. Mstari haukutajwa kabisa.

Asubuhi nzima nasoma viwango vya tovuti kwa ajili ya wasioona. Nasoma nimesimama, nazunguka meza, nakaa, nasimama tena. Kumbe kila kipande cha maneno ndani ya sentensi kinaweza kupewa kazi yake: hiki kimefutwa, hiki kimeongezwa, hiki kimetiliwa mkazo. Mimi nilichora tu! Nikaweka kazi ya “kimefutwa” palipostahili. Nikafumba macho. Vinne viwili! Jamani! Kuchimba zaidi – simu nyingi hazitamki hilo hata ukiliweka, na mabingwa wenyewe bado wanabishana. Mmoja kaandika kwamba msikilizaji atachoshwa na kelele, bora sauti inyamaze. Kelele! Nilitamani kumtumia picha ya shamba la Mayala.

Mwisho nimeandika kwa maneno ya kawaida: “Kosa, limefutwa: vifuniko vinne. Sahihi: vifuniko viwili.” Sasa inasikika. Na Mayala ameshapuliza.

Jioni nikamweleza Athanasi yote. Akasema nisilitangaze. Kikundi kinakutana Jumapili, wanataka kumvua mzee usomaji, basi liishie hapo. Haoni, watu wataelewa. Nimemkatia simu kwa hasira. Halafu sikumpigia mjomba. Kwa nini sikumpigia? Naogopa. Hii ni kazi yangu ya kwanza yenye jina langu chini ya ukurasa.

Jumamosi, 24 Januari

Sijampigia. Nimefua nguo ambazo ni safi.

Jumapili, 25 Januari

Bukundi. Naandika haraka. Mvua inapiga bati, hakuna anayesikika, kikao kimesimama.

Tumekaa darasani, ibada ilipoisha tu. Mayala kaja, mashavu yamembonyea, mkononi ana simu. Binti yake Stephania aliyeko Maswa aliupiga picha ukurasa siku ileile ya Jumanne, ila kamtumia jana. Mayala akasema imeandikwa viwili, kila mwenye macho anaona. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Mjomba akasimama. Akawaomba radhi. Akasema pengine masikio yamezeeka, wamtafute mwingine. Miaka sita anawasomea hawa watu, na hakuna aliyenyanyua mkono kumtetea. Mimi nyuma kabisa, hata kumsalimia sijamsalimia!

Mwenyekiti, mama Wilhelmina, akaniona. Akasema aliyetengeneza tovuti huyu hapa, atusomee tumalize. Nikapitishiwa simu ya Mayala. Nikasimama, nikasoma kwa sauti: vifuniko viwili kwa bomba moja. Darasa zima likaguna.

Mjomba akageuza uso upande wangu.

“Milembe, umesoma yote yaliyoandikwa hapo?”

Sikukusudia! Naapa sikukusudia. Macho yaliona mstari mwekundu, mdomo ukaruka vile vinne. Na picha ninayo hapa, vinne hivyo hapo, vinasomeka kabisa, na darasa zima lenye macho limenisikia nikiviruka.

Ndipo mvua ikashuka. Watu wamesogea mbali na madirisha, wanazungumza mambo ya mvua. Mjomba hajakaa. Kasimama palepale, uso kwangu, anangoja bati linyamaze nimjibu.

Mvua inapungua.