Mzee Ameuliza Mlango Wake Uko Wapi

Gesima, Jumamosi jioni. Mvua ya mchana imeshuka ikaisha, migomba bado inadondosha maji. Nimechoka kujibu maswali.

Tangu nije likizo, kila ninayekutana naye anataka kujua Minneapolis, huko Marekani, kukoje. Leo kanisani nimeulizwa kabla sijaketi. Huwa nasema, "Ni kuzuri, ila baridi," kwa sababu ndilo jibu wanalolitaka. Jibu la kweli ni refu na halina mapambo.

Nafanya kazi kwenye makao ya wazee. Naogesha baba za watu nisiowajua, nawavalisha soksi, nawalisha uji ambao mtu wa Gesima hawezi kuuita uji. Makori, mume wangu, anapanga mizigo kwenye ghala, zamu ya usiku. Tunakutana mlangoni, mmoja anavua koti na mwingine anavaa, tunapokezana ufunguo wa gari. Jirani wa mlango wa pili tumekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi na simjui jina. Namjua kikohozi.

Ndivyo kulivyo. Si kubaya. Moraa, binti yetu, anasoma vizuri, maji ya moto hayakatiki, na tunaotoka Kisii na Nyamira tuko wengi, hata Sabato tunaimba kwa Ekegusii kwenye kanisa la kukodi.

Safari hii nimekuja kumchukua baba mkwe. Makori hawezi kuja mwenyewe. Makaratasi yake bado yako kwa watu wa uhamiaji, na akitoka huko hana hakika ya kurudi. Hajamwona baba yake tangu Moraa akiwa mchanga, na Moraa sasa amenizidi kimo. Mzee naye moyo unamsumbua. Daktari amemruhusu kusafiri mara hii, na hakuahidi kwamba kutakuwa na mara nyingine. Viza ilitoka. Tiketi imekatwa. Tunaondoka Jumanne.

Leo mchana mzee amesema haendi.

Tulikuwa tumekaa kwenye varanda ya mama mkwe, mimi mwisho huu, mzee mwisho ule, mama mkwe katikati yetu kama mkalimani. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawapeani mkono, hawatazamani ovyo, na maneno yao hupitia kwa mtu mwingine. Baba pia haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaiita chinsoni, yaani haya na heshima kwa pamoja. Wazee wengi siku hizi wamelegeza kamba, wanaingia sebuleni wanakunywa chai. Mzee wetu hapana. Nyumba yetu hapa bomani aliisimamia mwenyewe kuanzia msingi hadi mabati, na siku tulipohamia, kabla hatujaenda Marekani, ndiyo siku aliyoacha kuingia.

Mama mkwe aliniuliza mzee atalala wapi huko. Nikamwambia chumba cha Moraa, Moraa atalala sebuleni. Nikaona mzee ameweka kikombe chini.

Mzee alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, na jambo likiwa zito huacha Ekegusii akashika Kiswahili, utadhani wakulima wamepanga foleni mbele yake.

"Mama Makori, muulize hiyo nyumba iko na milango ngapi."

"Anauliza iko na milango ngapi," mama mkwe akaniambia, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie ni mmoja, mama."

"Anasema ni moja."

"Moja? Na ile ya picha? Ile iko na milango mingi, mpaka huko juu!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwake: Makori amesimama mbele ya jengo letu, orofa nne, koti limemmeza. Mzee ameitazama miaka yote hiyo akiamini kwamba boma kubwa namna ile haliwezi kukosa mlango wake yeye mzee, hata kama ni wa uani. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna pia aliyemweleza.

"Na choo?" akauliza.

"Ni kimoja, mama," nikasema, na mama mkwe hakulipeleka hilo popote. Lilifika lenyewe. Choo kimoja na bafu humo humo, mimi natoka nimejifunga leso, baba mkwe anangoja nje ya mlango. Niliona aibu kana kwamba tayari limetokea.

"Basi mwambie Makori namsalimia sana," mzee akasema. "Mimi siwezi lala kwa nyumba ya mtoto yangu. Sijarukwa na akili."

Nilikasirika. Naandika hapa kwa sababu pale sikuweza kusema. Makori amenunua kitanda. Amenunua koti la mzee, baada ya kunitumia picha nichague rangi. Ameomba ruhusa kazini, yeye ambaye hata akiwa na homa huenda. Nilifikiria nitakavyompigia simu na kumwambia baba yako haji kwa sababu ya mlango, na nilijua hatabisha. Angesema, "Ni sawa," kisha akalirudisha koti dukani.

Mama mkwe hakati tamaa upesi. Alianza kutafuta upenyo. Hatuwezi kuweka pazia nene? Hatuwezi kutoboa ukuta, tukamwekea mzee mlango wake?

Nikamwambia mama, kule hata msumari hatupigi. Picha yetu ya harusi imeegeshwa sakafuni tangu tuingie. Rangi hatupaki. Nikikaanga omena, vile visamaki vya ziwani, kengele ya moshi inalia, jengo zima linatoka kusimama kwenye theluji kwa ajili ya omena zangu. Na watu wa ofisi wakitaka kukagua, wanabandika karatasi mlangoni, halafu wanaingia hata tukiwa kazini. Wana ufunguo wao.

"Ngoja," mzee akasema.

Alikuwa amegeuka. Ananiuliza mimi, moja kwa moja, jambo ambalo sikumbuki kama limewahi kutokea.

"Ufunguo ya wapi?"

"Wa nyumba, tata," nikajibu, yaani baba.

"Nyumba ya Makori?"

"Si yake, tata. Tumepanga."

"Mwenyewe ni nani?"

"Ni kampuni. Mwenyewe hatujawahi kumwona."

Mimi nikatazama miguu yangu. Kisha nikasikia mzee anacheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka mama mkwe akamshika bega akihofia ule moyo.

"Sasa mlikuwa mnanisumbua nini? Mama Makori, hiyo si nyumba ya mtoto yangu. Hiyo ni lojingi, ya kulipia! Mimi nimelala lojingi Kericho, nimelala Nakuru. Hiyo naweza lala."

"Na choo?" mama mkwe akauliza.

"Choo ya lojingi ni ya kila mtu."

Basi anakwenda. Mama mkwe alipiga kigelegele kimoja akakimbilia kupanga nguo za mzee. Nimempigia Makori, nimemwambia baba yako anakuja, na nimesikia amekaa chini. Neno lojingi sikumtajia. Nimefurahi, kweli nimefurahi, lakini neno hilo bado linanirudia.

Mvua ilipokatika mzee alikuja mpaka nyumbani kwetu hapa. Alisimama mahali anaposimama siku zote, nje, chini ya ukingo wa mabati, mama mkwe kando yake. Nilikuwa namweleza mama kwamba Jumanne nitamwachia ufunguo mtu wa hapa bomani, nyumba ipigwe hewa mara moja moja.

Mzee alisema na mama mkwe, kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie hiyo ufunguo aende nayo. Mtu asishike. Hii nyumba ndiyo ya Makori."

Akageuka akaondoka na fimbo yake.

Nimekaa kwenye kiti karibu na mlango, naandika haya kwenye simu. Nyumba hii nailala mimi tu, wiki chache baada ya miaka. Ina vumbi, na buibui ndio wenyeji. Mzee hajawahi kuvuka kizingiti chake tangu tuhamie, wala hatavuka.

Kesho nitaulizwa tena Minneapolis kukoje. Sijui kama nitaweza kujibu kwamba ni baridi tu. Kule tunaishi kwenye nyumba ambayo baba mkwe wangu anaweza kuingia.